Maswali na Majibu: Klabu ya mazingira iende wapi kwa siku moja?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya mazingira katika shule moja ya msingi mjini Ujiji. Wanachama wetu ni wanafunzi wa darasa la tano na la sita, na wote wana hamu ya kwenda Gombe kuwaona sokwe. Wazazi wamegawanyika: wapo wanaohofia safari ya boti, na wapo wanaosema kwamba kama si Gombe basi hakuna haja ya kutoka. Tuna siku moja na fedha kidogo. Unatushauri nini?
Mwalimu mlezi, Ujiji

JIBU: Mwalimu, hamu ya watoto wako ina msingi. Hifadhi ya Taifa ya Gombe iko kilomita zipatazo 16 tu kaskazini mwa mji wa Kigoma, na sokwe wake wamekuwa wakichunguzwa tangu mtafiti Jane Goodall alipofika huko Julai 1960. Hata hivyo, ninakushauri msiende Gombe kwa sasa, na sababu kubwa si fedha. Utaratibu wa hifadhi hauwaruhusu watoto walio chini ya umri wa miaka 15 kuwafuata sokwe msituni. Hata mtu mzima mwenye mafua hukatazwa kuwakaribia, kwa kuwa maradhi ya binadamu huweza kuwaua. Watoto wako wangekaa ndani ya boti kwa saa kadhaa, wakaishia kuwatazama nyani ufukweni.

Chagueni badala yake kijito kimoja kinachoshuka kutoka vilimani hadi ziwani, mkifuate kwa miguu kutoka juu kwenda chini. Ninakipendelea kijito kuliko mahali pengine popote kwa sababu kinamwonyesha mtoto, kwa macho yake mwenyewe, jinsi shamba la mlimani linavyohusiana na samaki wa ziwani. Kina cha Ziwa Tanganyika hufikia mita 1,470, lakini maji ya chini kabisa hayana oksijeni, hivyo samaki huishi katika tabaka la juu tu. Wengi wa samaki wadogo wenye rangi wanaokaa kwenye miamba ya kando ya ziwa hawapatikani penginepo duniani, na baadhi yao hula mwani unaoota juu ya mawe. Miti inapokatwa mlimani, mvua huchukua udongo, kijito huubeba, na tope hutua juu ya mawe yale yale na kuufunika mwani huo.

Gombe yenyewe inafundisha jambo hili. Msitu ulibaki ndani ya mipaka ya hifadhi huku vilima vya vijiji jirani vikiachwa wazi, na ndiyo maana mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE, unaofanya kazi na wanavijiji wa Kigoma wenyewe katika kupanda miti na kutunza ardhi. Wazazi wanaodhani kwamba mazingira yako Gombe tu waelezwe hivyo.

Kazi ya siku hiyo iwe moja. Tekeni maji katika chupa angavu za ukubwa sawa mahali patatu: juu penye miti, katikati penye mashamba, na karibu na mdomo wa kijito. Andikeni jina la mahali juu ya kila chupa, kisha ziacheni darasani zitulie hadi kesho yake, ndipo watoto wapime kwa rula unene wa tope lililotua chini. Njiani waangalie kama matuta ya mihogo yanakata mteremko au yanashuka nao, na wamwulize mzee wa mtaa kijito kilikuwaje alipokuwa kijana. Majibu ya mzee yaandikwe kama alivyoyasema.

Mwezi wa Aprili mwishoni unafaa, kwani mvua zinapungua na maji bado yanatiririka, ila kukiwa na wingu zito mlimani ahirisheni bila kusita. Mtoto yeyote asiingie majini, kwa sababu kichocho kipo. Maji yatekwe na mtu mzima kwa kopo lenye kamba. Ridhaa ya wazazi iwe ya maandishi. Kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji ipangiwe siku nyingine, kwa maana watoto wakipitishwa mahali pengi kwa siku moja hawapati nafasi ya kutazama chochote kwa makini.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Katika safari ya klabu yetu ufukweni niliokota makombe ya konokono nikataka kwenda nayo nyumbani, lakini mwalimu alinikataza. Je, kombe tupu lina kazi gani?
Mwanafunzi, Kigoma mjini

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako alifanya vyema. Katika Ziwa Tanganyika wapo samaki wadogo sana ambao nyumba yao ni kombe tupu la konokono lililo chini ya maji: humo hujificha wasiliwe na samaki wakubwa, humo hutaga mayai, na humo hulea watoto wao. Kombe uliloliona ufukweni huenda likarudishwa majini na mawimbi. Safari ijayo lichore katika daftari, lipime, andika tarehe na mahali, kisha liache pale pale ulipolikuta.