Menyu inayoshuka mahali pasipo pake

Mkuu, kama menyu ya bidhaa kwenye tovuti ya duka lako la Kariakoo inashuka vizuri kwenye brauza ya Chrome lakini ya Safari inaisogeza kulia, anza na hili: ukiandika kwenye CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa) position: absolute, yaani kuitoa menyu kwenye mpangilio wa kawaida, bila top wala left (umbali kutoka juu na kushoto), unaiachia brauza ikisie mahali pa kuiweka, na makisio hayafanani kila mara. Ipe li ya juu (kipengele cha orodha kinachobeba menyu) position: relative, halafu ul ya ndani (orodha yenyewe inayoshuka) top: 100%, left: 0. Hapo vipimo vinaanzia kwenye li hiyo, si kwenye ukurasa mzima.

Ul pia huja na padding-left (nafasi ya ndani upande wa kushoto) ya pikseli 40 usiyoiandika wewe. Ifute: margin: 0, padding: 0.

Usitenganishe kitufe na menyu kwa margin-top (nafasi ya nje upande wa juu). Kipanya kikivuka hilo pengo, menyu inajifunga kabla mteja hajachagua. Tumia padding-top ndani ya ul.

Ikionekana imekatwa nusu, kagua overflow: hidden (amri inayokata kinachotokeza nje) kwenye elementi zote zinazoizunguka; hata z-index (namba ya kupanga kipi kiwe juu ya kingine) ya 9999 haitasaidia. Na kwenye simu hakuna kipanya, kwa hiyo :hover (kufungua menyu kipanya kikipita juu yake) peke yake haitoshi, weka kitufe cha kugusa.