Mbeya ilivyonifundisha upya kudeki

Nilikulia Tanga, kwenye nyumba ambayo siku haijaanza mpaka sakafu idekiwe. Mama alikuwa akimwaga maji, akisukuma, akipitisha tambara, na ukimaliza kikombe cha chai sakafu imeshakauka. Nilipohamia Uyole, hapa Mbeya, nilikuja na ratiba hiyohiyo. Saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa sita, mimi na ndoo yangu.

Saa tatu sakafu ilikuwa bado mbichi. Watoto walikuwa likizo, wanapita na soksi zilizolowa, nyayo zimechoreka hadi chumbani. Baada ya majuma machache nikasogeza kabati la nguo nikakuta ukuta wa nyuma umeota ukungu mweusi. Nikajiambia usafi wangu haujatosha, nikaongeza maji! Jirani yangu, mama mtu mzima wa Kinyakyusa, alinikuta nimeinama, akanisalimu "Ugonile", kisha akacheka: "Mwanangu, unadeki au unamwagilia? Subiri jua."

Basi ratiba yangu yote imejengwa juu ya jua hilo. Jiji letu liko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai asubuhi inauma, watu wanafunga madirisha, na maji unayomwaga ndani hayana pa kwenda. Siku hizi asubuhi nafagia tu. Jua likishapanda, kama saa tano hivi, nafungua madirisha yote, hata kama kuna kijibaridi, halafu ndipo nadeki, tena kwa tambara lililokamuliwa sawasawa. Mimi nashona nyumbani, kwa hiyo muda huo ninao, na matambara hayaniishii. Wewe unayetoka alfajiri kwenda kazini, usijitese: fagia kila siku, futa palipomwagika, deki ya nyumba nzima iache mpaka Jumamosi mchana. Nyumba haitakufa.

Jambo jingine nililobadilisha litawashangaza waliolelewa kama mimi: sitandiki kitanda nikiamka. Tunalala chini ya mablanketi mawili matatu, na jasho na pumzi za usiku mzima zimo humo. Ukitandika palepale umefungia unyevu kwenye godoro. Nakunja mablanketi miguuni, nakiacha kitanda kipumue, nakuja kutandika baada ya chai. Na kabati sasa limeachana na ukuta kwa upana wa kiganja. Ule ukungu niliufuta kwa jiki iliyochanganywa na maji baridi, madirisha wazi. Jiki usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Inatoa hewa ya sumu. Na nguo zisipokauka, usiingize jiko la mkaa ndani ukafunga mlango ili zikauke. Moshi wake mbaya zaidi hauonekani wala haunuki, na unaua watu usingizini.

Mvua zikianza, Novemba hadi Aprili, adui anakuwa tope, na vita vyake vinapiganwa mlangoni. Nina gunia kuukuu nje ya kizingiti, beseni la maji kibarazani, na kandambili za ndani za kila mtu. Watoto wamezoea, wageni ndio mtihani, maana huwezi kumwambia shemeji avue viatu kabla hujamkaribisha. Namkaribisha, naona tope linaingia, nanyamaza. Tope likishaingia kwenye zulia, usilisugue likiwa bichi, utalizamisha. Liache likauke, lipige kwa brashi ngumu, halafu fagia.

Kiangazi vumbi linatua kila mahali, hadi kwenye majani ya mgomba nje. Hapo naanza juu kushuka chini: rafu, meza, cherehani, mwisho sakafu, nikinyunyizia matone ya maji kabla ya fagio.

Jikoni sina msimu. Vyombo havilali. Hata nikichoka vipi, sufuria la ugali linatiwa maji mara tu tunapopakua, na nikimaliza kula ukoko unatoka wenyewe bila stili waya. Mabaki yanatoka nje usiku huohuo, maana baridi inawasukuma panya ndani ya nyumba za watu. Kijana wangu wa miaka kumi na moja anaosha vikombe, mdogo wake anapanga viatu. Vikombe vingine vinabaki na povu. Navisuuza kimyakimya akishalala.

Juzi yule mama alipita saa moja asubuhi kuomba moto. Akatazama sakafu yangu, imefagiliwa lakini haijadekiwa, ndoo iko kavu imefunikwa kibarazani. Akaniuliza kama naumwa.