Idadi ya waliorudi New Orleans baada ya Katrina

Je, baada ya kimbunga Katrina kufurisha jiji la New Orleans, Marekani, mwaka 2005, watu walisubiri sensa ya 2010 ndipo wajue ni wakazi wangapi wamerudi? Hapana, hawakukaa gizani hadi wakati huo. Waliorudi walikuwa wakikadiriwa miaka kadhaa kabla, kwa kuhesabu anwani zinazopokea barua. Marekani tarishi hupeleka barua mpaka mlangoni, tofauti na sisi wa sanduku la posta, kwa hiyo nyumba ikihamwa anwani yake hutoka kwenye orodha ya wanaopokea, na mwenyewe akirudi inarejeshwa. Greater New Orleans Community Data Center, shirika lisilo la kiserikali, lilichukua orodha hizo na kuzichambua mtaa kwa mtaa, kisha likaziweka wazi kwa yeyote. Nimefuatilia takwimu zao kwa muda mrefu, na ukweli ni kwamba hesabu ya jiji zima peke yake ingeficha mengi. French Quarter, mtaa wa kale wa jiji hilo, iko juu kidogo, haikuzama kama kwingine. Lower Ninth Ward, mtaa wa watu weusi ambao wengi walimiliki nyumba zao, hadi 2010 haukuwa na hata robo ya wakazi wa 2000. Jiji lenyewe lilishuka kutoka watu 484,674 mwaka 2000 hadi 343,829 mwaka 2010.

Ila anwani si watu. Nyumba moja inaweza kuwa na mzee peke yake au familia mbili zilizobanana, na barua haikuambii kama aliyemo ni mwenyeji aliyerudi au mgeni aliyehamia. Kwa hilo ilibidi kupita mlango kwa mlango na kuuliza.