Kwa mnaoanza kupima misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na kuzuia mkojo

Mashine ikikupa namba, usiiandike kabla hujatazama msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na tundu la haja kubwa. Hili ndilo ningependa kila mwanafunzi anayeingia kliniki zetu za Mombasa alishike kwanza.

Kipimo cha shinikizo, ambacho daktari Arnold Kegel wa Marekani alikieleza mwaka 1948, huingizwa ukeni na kuunganishwa na saa ya kusomea shinikizo. Mama akikaza, namba hupanda. Akisukuma kama anayejifungua, hupanda vilevile, kwa sababu kifaa hakitambui kama kimebanwa na misuli au na tumbo. Msamba ukivutwa ndani na juu, soma. Ukijitokeza nje, futa, mwelekeze upya. Angalia pia makalio na mapaja, na usikilize pumzi: anayeizuia mara nyingi anasukuma. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 1991, wanawake 47 walielezwa kwa maneno tu jinsi ya kukaza misuli hii. Takriban nusu ndio waliokaza sawasawa, na robo walifanya kwa namna inayoweza kuzidisha kuvuja mkojo.

Basi anza kupima kwa kidole ukeni, ukitumia alama za Oxford, 0 (hakuna mkazo) hadi 5 (mkazo wenye nguvu). Mwambie, "Bi, kaza kama unayezuia ushuzi mbele za wageni, kisha vuta juu." Wengi huelewa papo hapo.

Vifaa vya kupima umeme wa misuli havipimi nguvu, na mapaja yakikazwa huchafua matokeo. Ultrasaundi ya juu ya msamba naipenda zaidi: haiingizwi ndani, kwa hiyo inamfaa hata msichana ambaye hajaolewa, na mgonjwa mwenyewe huona shingo ya kibofu ikiinuka.

Andika aina ya mashine, na kama alilala au alisimama. Namba za mashine mbili tofauti hazilinganishwi, hata kama ni za mama mmoja.

Tena, msiwe na haraka na hawa mama zetu. Wapo wanaovaa pedi miaka bila kumwambia mtu, huku kila tone likiwatengua udhu. Funga mlango, mfunike leso, omba ruhusa kabla ya kila hatua, na akisema "leo basi", vua glavu. Siku hiyo mfundishe kukaza akiwa amevaa nguo zake, umpangie tarehe nyingine.