Mwanangu, uliloniuliza kuhusu mamako

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Sauti uliyonitumia usiku nimeisikiliza hapa barazani, kisha nikazima redio nikaisikiliza tena. Wauliza mamako alingoja muda gani baada ya ile mimba iliyotoka ndipo akakubeba wewe. Waniuliza mimi kwa kuwa wa kuulizwa hayupo, Mungu amrehemu, na shangaziyo humtaki. Hata mimi kwa jambo hili simtaki, nitakueleza sababu.

Lakini kwanza dawa za hiyo Crohn yako, ugonjwa wa utumbo kuvimba usiokwisha. Najua hukuniuliza dawa. Umesema kwa kupitia tu, tena harakaharaka, kwamba mavyaa wako ataka uziache zote utumie kombe peke yake mpaka mimba ishike. Mimi na kombe hatuna ugomvi. Zafarani, maji ya waridi na aya za Mungu, nimekunywa tangu utoto na nitakunywa tena. Ila sijapata kusikia mwalimu aliyeandika kombe akamwambia mgonjwa atupe vidonge vyake. Tumbo lililotulia si tumbo lililopona. Nalikwambia ulipotoka hospitali, nikakwambia siku ya nikahi yako, na leo naandika ili usiseme hukusikia. Mimi nimezeekea kazi ya feri pale Likoni. Feri ikigusa ukingo abiria huona imesimama, wakateremka na mikokoteni yao, kumbe injini yasukuma vile vile. Ukiizima, mkondo waichukua pamoja na watu. Sindano yako ya kila wiki mbili ndiyo injini hiyo.

Karatasi ya daktari uliyoipiga picha nimeisoma yote. Mimba ikishika wakati Crohn imetulia, hatari ya kutoka ni karibu sawa na ya mwanamke yeyote. Ikishika utumbo ukiwa unawaka, hapo ndipo mimba hutoka zaidi, na watoto huja kabla ya siku zao, wadogo wa uzani. Ndiyo maana daktari ataka utulivu wa miezi 3 hadi 6, bila vile vidonge vya steroidi vilivyokuvimbisha uso. Dawa iitwayo methotreksati ndiyo iliyopigiwa mstari: hiyo haikai na mimba kabisa, humdhuru mtoto tumboni, na yaachwa angalau miezi 3 kabla. Sasa mavyaa wako amesikia moja yaachwa, akazijumlisha zote. Ya kuachwa aitaje daktari, na asidi ya foliki uanze kabla, usingoje mimba.

Na jambo ambalo hakuna atakayekukumbusha siku ya furaha: ukijifungua ukiwa bado watumia ile sindano yako ya kila wiki mbili, mwambie nesi kabla hajampiga mtoto chanjo ya kifua kikuu, ile ya mkono wa kushoto. Ni chanjo hai, na dawa yako humpitia mtoto tumboni, kwa hivyo hucheleweshwa mpaka imtoke mwilini. Manesi wetu wana haraka na hiyo chanjo, na ni haki yao. Sema wewe. Kifua kikuu kimetuchezea vya kutosha nyumba hii, baada ya ile hospitali kukulisha dawa zake miezi 6 na kumbe ni Crohn. Siwalaumu sana, wasema matumbo hayo mawili hufanana hata kwa kamera. Nawalaumu kidogo.

Haya, mamako.

Ilikuwa nyumba ya Kibokoni, ghorofa ya pili, ule mwaka mifereji ilikauka tukawa twanunua maji ya mkokoteni. Mimba ilikuwa changa. Ilitoka usiku, na asubuhi nikaenda kazini kwa kuwa hapakuwa na jina la ruhusa ya kuomba. Mimba changa haina matanga, haina hitima, haina mkeka wa kukalia. Mtaani kwetu aliyeibiwa baiskeli hupewa pole mpaka achoke. Mamako hakupewa pole. Alipewa maswali. Ulikula nini? Ulipita wapi magharibi? Ulimwonyesha nani? Nalisikia yote kutoka chumba cha pili, na mpaka leo nikipita njia ile masikio yanipata moto.

Shangaziyo ndiye aliyekuja na hukumu kabisa. Akaketi, akanywa kahawa yetu, akasema ni ile mitungi ya maji, mwanamke mwenye mimba hapandishi mitungi ngazini. Mamako alikuwa kimya siku zote zile, nadhani nilishasahau sauti yake. Akainua uso akamwambia, "Wifi, na wewe ulipokuwa na pacha, mitungi yako ilipandishwa na nani?"

Wee! Pacha wenyewe walikuwa pale mlangoni wakipigania andazi.

Shangaziyo hakuwa na ubaya, lakini. Alitaka tu pawe na sababu, maana pasipo na sababu kila mtu huogopa. La, ubaya alikuwa nao kidogo, aliimaliza kahawa kabla ya kuondoka. Daktari wa mamako alituambia vingine: nyingi zinazotoka mapema, karibu nusu, ni kromosomu za mtoto mwenyewe, vile vibeba urithi vya ndani ya chembe za mwili, zilizokosea hesabu tangu siku ya kwanza. Hapo hakuna mtungi, hakuna nanasi, hakuna jicho. Wala hakuna Crohn, kwa sababu mamako tumbo lake lilikuwa zima, asaga hata mifupa ya kuku. Likumbuke hilo. Ikitokea kwako, Mungu apishe mbali, watasema ni ugonjwa wako, na huenda ikawa si ugonjwa wako hata kidogo.

Alingoja muda gani? Hatukuhesabu, mwanangu. Ramadhani ilipita, Idi ikapita, masika yakaanza, na siku moja nikaleta papa mkavu kutoka sokoni akanifukuza naye mpaka barazani kwa harufu. Ndiyo ulikuwa wewe. Kungoja kwake hakukufai kitu, kwa kuwa yeye alingoja moyo upoe, na wewe una utumbo wa kungojea pia. Moyo haupimwi. Utumbo wapimwa, hata kwa kinyesi tu, uvimbe wajulikana kama upo hata kama huna maumivu. Muulize daktari kama ameshakipima. Tumbo lililotulia si tumbo lililopona, hata kwa mwenye tumbo lenyewe.

Kama mjaribu sasa au mngoje, sisemi. Mumeo yuko, daktari yuko, na umri wako naujua, huna haja ya kunikumbusha. Nina neno, sikufichi. Limekaa mdomoni tangu nianze barua hii. Ukinibana nitalisema, kwa hivyo usinibane.

Nakuja na treni ya Jumamosi, nashuka Syokimau. Nipokelewe na mumeo, nina maneno naye: siku ya daktari aingie ndani nawe, asikae kwenye gari akisikiliza mpira. Mbaazi za nazi sikuletei, najua zakufanya nini. Nakuletea viazi vitamu. Mavyaa wako mwambie nitamwamkia Jumapili, nikishapumzika.

Babako