Kawasaki ya pikipiki na Kawasaki ya treni ni kampuni moja?

Ndiyo mkuu, ukoo ni mmoja, na mzizi wake ni meli. Kawasaki ni jina la mtu: Kawasaki Shozo wa Kagoshima, mtoto wa mfanyabiashara wa kimono. Katika biashara zake za baharini alinusurika ajali zaidi ya mara moja, akaamini kwamba meli za muundo wa Kizungu ndizo imara. Mwaka 1878 akafungua karakana ya kuunda meli Tsukiji, Tokyo, baadaye akahamia Kobe.

1896 ikawa kampuni ya hisa chini ya Matsukata Kojiro, mtoto wa waziri mkuu. Huyu ndiye aliyeipanua hasa: 1906 wakaingia kwenye vichwa vya treni na mabehewa, 1918 kwenye ndege. Na michoro aliyonunua Ulaya ndiyo kiini cha Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Magharibi pale Tokyo. Mtu wa ajabu kweli!

Pikipiki zilichelewa. Baada ya Vita Kuu ya Pili Japani ilipigwa marufuku kuunda ndege, hivyo mafundi wa ndege wakageukia injini ndogo. Miaka ya 60 wakaimeza Meguro, kampuni nyingine ya pikipiki, na 1972 ikatoka pikipiki ya Z1, silinda nne, cc 903. Kwangu mimi hiyo ndiyo iliyowapa heshima duniani.

Kampuni za meli, ndege na treni, ambazo zilikuwa zimetengana, ziliungana tena 1969. Tangu 2021 pikipiki ziko chini ya Kawasaki Motors, ila mmiliki mkuu ni yuleyule, Kawasaki Heavy Industries.