Mkojo kutoka ukikohoa baada ya kujifungua: muone mtu wa fiziotherapia kwanza

Pole sana mdogo wangu, na hongera kwa mtoto. Umesema ulijifungua kawaida, ukaongezewa njia na kushonwa, mtoto sasa ana miezi minne na mkojo bado unakutoka ukikohoa, ukicheka au ukinyanyua ndoo. Mama mkwe anasema hukukandwa vya kutosha, waliotangulia kukujibu wamekushauri shabu (lile jiwe la kubana uke), na wewe unauliza kama mazoezi ya Kegel, yale ya kukaza misuli inayozuia mkojo, yanasaidia kweli na lini utarudi jogging. Nilipitia hayo hayo baada ya mtoto wangu wa pili, hapa hapa Dodoma, kwa hiyo nitaandika kirefu. Nivumilie.

Yanasaidia. Ila kabla hujaanza kuhesabu, mtu anayeijua kazi hiyo ahakikishe kwamba unachokikaza ndicho chenyewe. Hapo ndipo wengi wanapopoteza miezi, halafu wanasema Kegel ni uongo.

Kliniki niliyokuwa nampeleka mtoto (siitaji jina) nilipolieleza tatizo niliambiwa ni kawaida, mtoto alikuwa mkubwa, litaisha. Mtoto akapimwa uzito, akachomwa sindano, tukarudi nyumbani. Ni kweli linawapata wanawake wengi, na kwa baadhi hupungua lenyewe miezi ya mwanzo. Lakini kuwapata wengi si sababu ya kulizeekea. Mimi kilichonitoa nyumbani ni kipupwe chetu. Wa Dodoma mnaujua ule upepo wa Julai na Agosti, vumbi linaingia hadi kwenye sufuria, unapiga chafya tangu alfajiri, na kila chafya ni kubadili nguo. Nikaenda hospitali. Daktari akaanza na kipimo cha mkojo, maana maambukizi ya njia ya mkojo nayo huleta kubanwa na kuvuja, na dawa yake ni nyingine kabisa. Hakukuta kitu, akaniandikia fiziotherapia. Nilishangaa, kwa sababu nilidhani kule ni kwa waliovunjika na waliopata kiharusi. Na kweli, kwenye benchi nilikaa katikati ya mzee mwenye fimbo na kijana wa bodaboda aliyefungwa goti.

Niliyemkuta alikuwa dada mpole. Alivuta pazia, akaanza na maswali: unaenda haja ndogo mara ngapi, unaamka usiku, choo kikubwa ni kigumu, uchungu ulichukua muda gani, ulichanika kiasi gani. Halafu akanieleza kwamba kuna misuli inayotoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, na juu yake ndiko kibofu, kizazi na mwisho wa utumbo mpana vinakokaa. Akasema ni kamba za kitanda cha kamba: mimba inazilalia miezi tisa, kuzaa kunazinyoosha, zinalegea, na unachotakiwa ni kuzikaza upya. Kwa hiyo aliyeandika hapo juu kwamba “bora ungefanyiwa operesheni” ajue kwamba hata wa operesheni wamebeba mimba ile ile, na wapo wanaovuja.

Kisha kipimo chenyewe. Aliniomba ruhusa kwanza, akaniambia naweza kukataa au kumsimamisha muda wowote. Unalala chali, magoti umekunja, kanga juu ya mapaja. Alivaa glovu, akaweka kidole kimoja ukeni taratibu, mkono wa pili tumboni, akasema, “Sasa kaza kama mtu anayezuia ushuzi mbele ya wakwe.” Nilicheka, na nilipocheka mkojo ukatoka hapo hapo. Hakushtuka wala kukunja uso, akafuta tukaendelea. Kidole kile ndicho kinachomwambia kama misuli inainuka, ina nguvu kiasi gani na inachoka baada ya sekunde ngapi. Wengi wetu tukiambiwa “kaza” tunakaza matako, tunabana mapaja, tunaziba pumzi, na wengine wanasukuma chini kama wako leba. Huyo wa kusukuma akifanya “mazoezi” kutwa anazidi kulegeza.

Wengine hukutwa misuli haijalegea bali imekakamaa, hasa mwenye kovu linalouma au anayeumia kwenye tendo la ndoa. Huyo anaanza na kuilegeza na kupumua vizuri, si kukaza. Ndiyo maana sipendi kuona mtu anatoa idadi moja kwa kila mama.

Nikikueleza kwa maneno, ni hivi. Vuta pumzi, tumbo lijae. Unapoitoa, anza nyuma kama unazuia ushuzi, uje mbele kama unazuia mkojo, halafu vuta kwa ndani kwenda juu. Uso, mapaja na matako vitulie; mtu aliyekaa mbele yako asijue kama unafanya kitu. Shikilia huku unapumua, kisha achia kabisa. Kuachia nako ni nusu ya zoezi, usiharakishe. Wa kuanza anaweza kushikilia sekunde tatu tu, anapanda polepole hadi kumi. Mwongozo wa kawaida ni kukaza mara 8 hadi 10, mara 3 kwa siku, kwa angalau miezi 3, pamoja na ule mkazo wa haraka wa kaza-achia. Usifanyie mazoezi chooni kwa kukata mkojo katikati kila unapokojoa, kibofu kinaweza kuzoea kutomwaga mkojo wote. Na usikate tamaa wiki ya pili. Daktari Mmarekani Arnold Kegel aliyatangaza mazoezi haya mwaka 1948, na tangu wakati huo misuli haijawahi kujengeka kwa siku saba, wala si ya mkono wala si ya huko.

Kwangu kilichonipa nafuu ya mwanzo ni kitu kidogo sana: kukaza KABLA. Ukihisi chafya inakuja, kaza kwanza ndipo upige. Kabla ya kunyanyua ndoo, kaza, toa pumzi, nyanyua. Alinifanyisha pale pale kwa kikohozi cha kujitakia, nimesimama, mpaka mwili ukazoea. Na ndoo ya lita 20 ni kilo 20, mdogo wangu. Najua maji yakikatika mtaani hayasubiri upone, lakini gawa kwenye madumu madogo, au mwachie baba watoto ile kubwa.

Mambo mengine aliyonikataza: kupunguza kunywa maji ili nisivuje (mkojo ukiwa mzito unakichokoza kibofu, na unanyonyesha kwenye joto hili), na kwenda haja “kwa tahadhari” kila ninapotaka kupanda daladala, maana kibofu kinazoea kulalamika kikiwa na kidogo. Choo kigumu nacho ni adui, kujikamua kunasukuma chini misuli ile ile unayoijenga, na vidonge vya kuongeza damu huwafungia wengi choo. Hapo mlenda, ugali wa uwele na mapapai vinafanya kazi.

Mama mkwe usigombane naye. Maji ya uvuguvugu yanapunguza maumivu na mwili unapumzika, ila mkono wa mkandaji haufiki kwenye misuli hii, na maji ya moto sana kwenye kidonda yanaunguza. Mkaja ukifungwa kiasi unashikilia tumbo. Ukikazwa mpaka hupumui unasukuma kila kitu chini. Shabu kataa kabisa. Inakausha na kuchubua ngozi ya uke, misuli haiigusi, na mama anayenyonyesha tayari ana ukavu wa kutosha kwa sababu homoni ziko chini.

Kuna ambao sitaki waishie kwenye mazoezi. Mkojo unaotiririka usiku na mchana bila kikohozi wala kicheko, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, unaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hiyo mazoezi hayaizibi. Nenda hospitali haraka, na hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanaitibu bila malipo. Ukihisi uzito au uvimbe unashuka ukeni, hasa jioni baada ya kusimama sana, huenda kizazi au kibofu kimeshuka, kapimwe kwanza. Ushuzi au choo kikubwa kikikuponyoka, waambie waangalie mshono, inawezekana ulichanika hadi misuli ya njia ya haja kubwa.

Kwa hapa mjini, hospitali ya mkoa (General) na hospitali ya Benjamin Mkapa zote zina fiziotherapia. Ukifika uliza wazi kama yupo anayehudumia kina mama waliojifungua, na kama unataka wa kike sema mapema ili upangiwe siku yake. Kabla hujaenda ulizia bima yako kama inahitaji barua ya daktari. Kuhusu mumeo, mimi nilimpa kazi ya kunikumbusha mazoezi ya usiku, na kwa kunikumbusha ikabidi ajue yote. Ila wewe ndiye unayemjua wa kwako.

Jogging: wataalamu hushauri kusubiri angalau miezi 3 baada ya kujifungua, na uwe huna dalili. Wewe miezi unayo, dalili bado. Anza kutembea. Ukiweza kutembea dakika 30 kwa mwendo wa haraka, ukakimbia papo hapo dakika 1, ukaruka mguu mmoja mara 10 kila upande bila kuvuja wala kuhisi uzito chini, jaribu kukimbia dakika moja na kutembea mbili, kwenye njia tambarare. Kikundi chenu kikipanda milima ya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), wewe wasubiri chini kwanza.